Msaidizi wa Daktari wa Wanyama Mbele ya Mgonjwa Mahututi

SWALI: Daktari, shikamoo. Nilisomea afya ya mifugo katika chuo cha LITA Tengeru na sasa ni msaidizi katika zahanati ya wanyama hapa Arusha. Chuoni tulishinda na ng'ombe na mbuzi, lakini hapa usiku tunaletewa mbwa waliogongwa na paka waliokula sumu. Nianze kujifunza nini, na je, ubingwa wa kazi hii upo kwa mtu asiye daktari?

JIBU: Marahaba. Ubingwa huo upo. Nchini Marekani wasaidizi wa madaktari wa wanyama wana chombo chao cha ubingwa wa dharura na wagonjwa mahututi, AVECCTN (zamani AVECCT), kilichotambuliwa mwaka 1996, na anayetaka kufanya mtihani wake hutakiwa kwanza awe na saa elfu kadhaa za kazi hiyo pamoja na kumbukumbu za wagonjwa aliowahudumia kwa mikono yake. Sharti hilo la kumbukumbu unaweza kulianza kesho, kwa kuwa halidai ada wala safari.

Anza kwa kuzoeza jicho. Tuliwahi kuletewa mbwa jike aliyegongwa na pikipiki, akasimama, akatikisa mkia, nasi tukaamini amenusurika. Kijana aliyekuwa mafunzoni alibaki naye, akihesabu mapigo ya moyo kila baada ya dakika 15 na kuyaandika kwenye kipande cha boksi la dripu: 112, 126, 140. Alipobonyeza ufizi kwa kidole na kuona wekundu unachelewa kurudi kupita sekunde 2, alikuja kuniamsha. Tumboni mlikuwa mnavuja damu. Hakuna hata namba moja kati ya hizo ambayo ingemshtua mtu kama ingesomwa peke yake, bali kupanda kwake ndiko kulikotuonya.

Baada ya jicho, izoeze mikono. Kwa mbwa wengi ambao moyo umesimama, miongozo ya RECOVER ya kufufua wanyama, iliyotolewa 2012 na kuhuishwa 2024, inaelekeza mgonjwa alazwe ubavu, kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha theluthi hadi nusu ya upana wake, kisha kiachwe kirudi kikamilifu. Mpokezane kila dakika 2, maana mkono uliochoka hukandamiza juu juu bila mwenyewe kujua. Gunia lililoshindiliwa matambara linatosha kwa mazoezi.

Kuhusu sumu, tafadhali usimnyweshe maziwa mnyama anayetetemeka au aliyepoteza fahamu, kwa sababu yataingia mapafuni. Hakikisha anapumua, mwite daktari, na mwombe mwenye mnyama alete pakiti ya kile kilicholiwa. Dawa na kipimo chake ni uamuzi wa daktari.

Mwombe daktari wako dakika 20 kila wiki mpitie pamoja daftari lako la kumbukumbu za wagonjwa, mkianza na mgonjwa aliyekufa.