Nimekimbia kilomita 42, usingizi umegoma

SWALI: Shikamoo dokta, nimekimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi, usiku nimechoka hoi ila nakodoa macho tu mpaka alfajiri, moyo unadunda miguu inawaka moto, nina shida gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana! Adrenalini na kortisoli, zile homoni za kuuchangamsha mwili, zinachelewa kushuka, joto la mwili nalo bado liko juu, halafu kama njiani ulitumia jeli za wakimbiaji zenye kafeini (kichangamshi kama cha kwenye kahawa) au soda ya kola ujue masaa 5 baadaye karibu nusu ya hiyo kafeini bado inazunguka kwenye damu. Kunywa maji kidogo kidogo, kula wali au ndizi ushibe, oga maji ya uvuguvugu, bia achana nayo kabisa inakatakata usingizi. Ila mkojo ukitoka rangi ya strungi, wahi hospitali usiku huohuo.