Locanda ni hoteli, gesti au mgahawa?

SWALI: Mkalimani habari za kazi. Nipo Malindi natafsiri vipeperushi vya utalii kutoka Kiitaliano, sasa kuna hili neno locanda. Nimeweka "hoteli" bosi kakataa, nikaweka "mgahawa" napo kakataa. Niweke nini?

JIBU: Salama ndugu yangu, pole, ila safari hii bosi ana pointi. Locanda (wingi wake locande) ni nyumba ndogo ya wageni inayopika pia, mara nyingi ya familia, chini meza za chakula juu vyumba vichache. Ukiandika "hoteli" shida sio ya Waitaliano ni yetu, maana mtu wa kwetu ukimwambia twende hotelini anawaza chai na chapati, kulala tunaenda gesti. Na ukiandika mgahawa ndo umemnyang'anya mgeni kitanda kabisa.

Asili yake Kilatini, locare ni kupangisha, kwa hiyo locanda ni "ya kupangishwa", yaani kile kile tunachoandika kwenye kibao getini CHUMBA KINAPANGISHWA, tangazo likaja kuwa jina la nyumba yenyewe. Mpaka leo bango dogo la sinema wanaliita locandina. Halafu neno likapanda meli, Misri lokanda ikabaki sehemu ya kulala, Uturuki lokanta ikawa sehemu ya kula tu, kitanda kimeangukia njiani kama kwenye hoteli yetu sisi, hii huwa inanichekesha sana.

Usichanganye na albergo, hiyo ndo hoteli ya kulala kwa jumla. Trattoria ni kula tu. Osteria zamani ilikuwa ya divai na vya kutafuna, siku hizi nayo wanapika.

Mtego upo hapa: kuna wenye migahawa ya bei mbaya wanajiita locanda kwa sababu neno lina harufu ya zamani na ya nyumbani, na chumba hata kimoja hawana. Kwa hiyo tafuta kwenye kipeperushi neno camere (vyumba) au pernottamento (kulala). Likiwepo andika "nyumba ya wageni yenye mgahawa", gesti ningeikwepa kwenye kipeperushi, unajua mwenyewe gesti zetu zinavyosemwa. Lisipokuwepo basi mgahawa ni sawa, mwoneshe bosi kwamba halipo. Na locanda ikiwa ni sehemu ya jina la biashara usiiguse, iache hivyo hivyo.