Kukodisha maksai walime Jumapili: jibu langu kwa mleta uzi

Mwangaluka wadau. Mleta uzi kauliza hivi, Mkristo akikodisha maksai wake walime Jumapili huku mwenyewe yupo ibadani, anatenda dhambi au hapana? Mvua zimeanza na wateja hawaachi kupiga simu. Wengi mmemjibu kwamba yeye hana kosa, kosa la aliyeshika plau. Mimi nafuga na kulimisha huku Sikonge, Tabora, ni Mmoraviani, na hilo jibu nalipinga kabisa.

Fungueni Kutoka 23:12. Sababu ya kupumzika siku ya saba imeandikwa pale pale, ng'ombe wako na punda wako wapate kupumzika, ndo anafuata mtoto wa mjakazi na mgeni. Sasa we kukaa kwenye benchi kanisani kunampumzishaje ng'ombe aliyeko shamba la mtu? Kama ni Msabato basi kwako ni Jumamosi, siku sibishani, ila hiyo siku ni haki ya ng'ombe pia.

Kuna mdau kaleta 1 Wakorintho 9 pale Paulo anapouliza kama Mungu anaangalia mambo ya ng'ombe. Ndugu yangu, Paulo alikuwa anatetea mtenda kazi apate chake, na kachukua sheria ya kutomfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Ng'ombe asingekuwa na haki ya kula pale, huo mfano ungesimama wapi?

Halafu tuongee hali halisi. Msimu wa kulima huku unaanza ng'ombe wakiwa wamechoka kuliko wakati wowote, maana kiangazi kizima majani yameisha, mbavu unazihesabu, na siku hiyo hiyo ardhi ikilowa kila mtu anataka eka zake zilimwe. Huku kwetu kuna mbung'o pia, na ng'ombe mwenye ndorobo kidogo, yaani ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, anaweza kuonekana mzima kabisa akiwa malishoni, ukimtia kazi nzito siku mfululizo ugonjwa unamlipukia na anaanguka. Mimi maksai naanza kuwapa pumba na majani makavu ya karanga kabla mvua hazijafika, wanafungwa alfajiri, saa nne jua likikaza wanafunguliwa. Mteja akilalamika atafute mwingine.

Na shingo jamani, angalieni shingo. Kila asubuhi kabla ya nira napitisha kiganja pale mbele ya nundu, nabonyeza polepole, ngozi ikiwa ya moto au imevimba, au ng'ombe akirusha kichwa pembeni, huyo hafungwi leo. Ukiona manyoya yamekatika ujue ndo kidonda kinakuja, na kikishafunguka wakati wa mvua nzi wanataga humo unakuta funza. Hapo ni kuosha na maji ya chumvi, dawa ya kupulizia ya dukani, na kumpumzisha mpaka ngozi ipone, na nira yenyewe ichongwe upya iwe pana na laini, sio gogo limekatwa jana porini. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, mi naielewa hivyo, kwa mkono kabisa.

Jambo lingine watu hawalisemi, kijana wa plau ukimlipa kwa eka lazima atachapa, maana kila ng'ombe akisimama ni hela yake inasimama. Wangu namlipa kwa siku. Eka zinapungua, kweli, ila fimbo imepungua sana na maksai wanamaliza msimu wakiwa na nguvu.

Ila pia msije mkawaacha zizini Jumapili bila maji mpaka mrudi saa nane, eti wanapumzika. Yesu mwenyewe kwenye Luka 13:15 kaongelea mtu kumfungua ng'ombe wake sabato akamnyweshe, alilichukulia kama jambo ambalo kila mtu analifanya. Kwetu wananyweshwa kwanza ndo tunavaa nguo za kanisani.

Kwahiyo mleta uzi, wapigie hao wateja uwaambie Jumatatu alfajiri, atakayekasirika akasirike, ng'ombe ni wa Bwana we umekabidhiwa tu, Zaburi 50 inasema kila hayawani ni wake. Halafu leo jioni kawapime shingo wote kama nilivyoeleza, urudi hapa utuambie umekuta nini na wana umri gani, maana kama kuna wadogo waliohasiwa juzi juzi hao nao wana maelezo yao.