Je, Mwenye Kuficha Jina Lake Ana Fahari?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkaazi wa Mombasa, na kwa muda wa miaka sita sasa nimekuwa nikiandika hadithi za mapenzi ya wanawake wawili. Hadithi hizo hutoka kwa lakabu, na hata mama yangu mzazi hajui kwamba mimi ni mwandishi. Rafiki yangu aliyehamia Ujerumani, ambaye kila mwaka huhudhuria maandamano ya fahari ya wapenzi wa jinsia moja, ameniambia kwamba mwandishi anayejificha hana fahari na anachokiandika. Maneno hayo yameniuma, ingawa sisi wengine tulilelewa tukiambiwa kuwa kujivuna ni dhambi. Fahari ni kitu gani kwa mtu kama mimi? Nimeambatisha hadithi yangu ya karibuni uisome.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la dhambi. Tulichokatazwa na wazee wetu ni kiburi, nacho kiburi hakikai bila mtu wa kudharauliwa, ilhali fahari yaweza kukaa chumbani peke yake mlango ukiwa umefungwa. Seremala wa Lamu anapomaliza kuchonga mlango, akapitisha kiganja juu ya nakshi zake kuhakikisha kuwa hakuna palipokwaruza, ana fahari hata kama hakuna anayemtazama. Nadhani fahari ya mwandishi ni ya namna hiyo, na ndiyo maana sikubaliani na rafiki yako, japo namheshimu.

Maandamano anayoyahudhuria yalianza Marekani mwishoni mwa Juni 1970, mwaka mmoja baada ya polisi wa New York kuvamia Stonewall Inn, baa ya wapenzi wa jinsia moja, na wateja kukataa kunyanyaswa. Waandamanaji wale walitembea mchana, nyuso wazi, kwa sababu aibu ndiyo iliyokuwa kamba ya kuwafungia. Kwa mwandamanaji, basi, fahari imo usoni. Ya mwandishi imo katika ukurasa, na hasa, kwa hadithi za aina unayoiandika, imo katika ukurasa wa mwisho.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1952 zilitoka Marekani riwaya mbili za wanawake wapendanao, zote mbili kwa majina ya kubuni. Ya kwanza iliandikwa na Marijane Meaker kwa lakabu ya Vin Packer, nayo ilihusu wasichana wawili wa chuo kikuu. Mhariri wake alimwambia bayana kwamba wapenzi hao hawawezi kuishia kwa furaha, kwa kuwa vitabu husafirishwa kwa posta, na wakaguzi wa posta wangevikamata kwa madai ya uchafu. Kwa hiyo msichana mmoja akaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwenzake akagundua ghafla kwamba hakuwahi kumpenda. Kitabu kiliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Hebu fikiria ni wasomaji wangapi walikifunika wakiwa wameambiwa kwamba wao pia mwisho wao ni wazimu.

Riwaya ya pili ni ya Patricia Highsmith, aliyejiita Claire Morgan. Humo mapenzi yanawagharimu wahusika sana, hata mmoja wao akamkosa bintiye, lakini ukurasa wa mwisho unawaacha wakielekeana. Barua zilimiminika kwa Claire Morgan, mwanamke asiyekuwapo, kutoka kwa watu waliomshukuru kwa kuwa hatimaye walisoma hadithi ambayo haikuwaua watu kama wao. Highsmith hakuliweka jina lake kwenye kitabu hicho hadi mwaka 1990. Je, miaka yote 38 hakuwa na fahari? Alificha jina, lakini wapenzi wale hakuwaficha wala kuwatoa kafara, na mimi nasema fahari ilikuwa pale.

Usidhani haya ni ya kwao na ya zamani. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine, tuzo ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007 kwa hadithi fupi ya wasichana wawili wapendanao, na hadithi hiyo ndiyo iliyompa Wanuri Kahiu, mwongozaji wa filamu wa Kenya, wazo la filamu yake, Rafiki. Mwaka 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya ilitaka mwisho wa filamu hiyo ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto. Kahiu alikataa, filamu ikapigwa marufuku, na mwezi Septemba Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku saba tu, siku ambazo watu waliijaza kumbi za sinema Nairobi. Mkaguzi wa posta wa Marekani na bodi ya Nairobi wametenganishwa na miaka 66 na bahari nzima, na wote walikitazama kitu kile kile. Mapenzi yenyewe wangeweza kuyavumilia, mradi yalipiwe mwishoni.

Hapa nizungumzie Kiswahili, maana kinatupa maficho ambayo waandishi wale hawakuwa nayo. Lugha yetu haimtofautishi yeye wa kike na yeye wa kiume. "Alinishika mkono, nikasahau nilichokuwa nikisema": ni nani huyo? Waimbaji wa taarab wamekula matunda ya mti huu miaka mingi. Nami niliyala. Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na mpenzi aitwaye Amani, jina la mume na la mke, na kwa kurasa kumi na moja hapakuwa na neno hata moja la kumfichua. Mhariri mmoja aliisifu na kuniambia kwamba kijana huyo Amani amemvutia. Nilirudi nyumbani na sifa zile zikanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Usiku ule niliongeza sentensi moja: "Amani alivua ushungi wake, akanifunika mabega." Mhariri hakuichapisha, lakini mpaka leo sijaandika sentensi ninayoionea fahari kuliko hiyo.

Kwa hiyo lakabu yako ishike, wala usiombe radhi. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vya kanuni ya adhabu tulivyorithi kwa Waingereza, vile vinavyotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, na wewe ndiwe unayejua majirani zako, mwenye nyumba wako na moyo wa mama yako. Anayeishi Ujerumani hawezi kukupimia hatari ya Mombasa.

Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Mahali ambapo Zuhura anamsuka mwenzake barazani, na kidole kinachelewa kidogo nyuma ya sikio kabla ya kulishika fungu jingine la nywele, nilisimama nikavuta pumzi. Lakini katika ukurasa wa 19 unamtumbukiza Zuhura baharini kutoka kwenye kivuko cha Likoni, naye anakufa maji. Nimerudi nyuma kutafuta kilichomfikisha huko na sikukiona. Hana ugomvi na mtu, haumwi, na asubuhi hiyo amenunua mahamri mawili, moja la mwenzake. Nani alikwambia kwamba lazima afe? Ikiwa ni hadithi yenyewe, iachie ifanye itakavyo. Ikiwa ni mkaguzi anayeishi kichwani mwako, mshushe Zuhura ng'ambo ya pili, mahamri yakiwa bado ya moto, kisha unitumie ukurasa huo tena, kwa lakabu hiyo hiyo.