Re: Binti wa miaka 14, hadithi za mazimwi na keki, nimwache?

Dada pole na hongera, umeuliza kama umkataze bintiyo kusoma na kuandika hadithi za mazimwi eti atapotea, na kama kuoka keki kunamlia muda wa masomo. Mi nasema mwache kabisa, tena msaidie. Hizo hadithi si za wazungu tu, huku kwetu Usukumani wazee walisimulia ya Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua tumbo lile zimwi Shing'weng'we lililomeza watu wote wakatoka wazima, ila kwa bahati mbaya kisu kikamkata sikio bibi mmoja, akamchukia hata baada ya kuokolewa! Mtoto anayeandika akiipata hiyo anaona kumbe hadithi haiishi zimwi likifa. Siku moja mpeleke Bujora pale Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, aone makumbusho ya Wasukuma, halafu mtafutie kitabu cha Kusadikika cha Shaaban Robert, humo nchi nzima iko angani.

Keki sasa, oveni isiwatishe. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, bati la keki juu yake, funika, makaa machache chini na mengi kwenye mfuniko, asifunuefunue mapema itabonyea katikati. Aanze na unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai sita. Moto wa mkaa we kaa naye karibu. Na akiandika usimsahihishie herufi kwanza, muulize tu hilo zimwi lake linataka nini, utashangaa atakavyoongea.