Swali lenu limemsahau shangazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukienda na watoto wadogo likizo mjini, ni bora hoteli au nyumba ya kupanga kwa siku? Nililisoma nikiwa nasubiri zamu kwa kinyozi hapa Dodoma, nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia simu yangu. Hoteli au nyumba! Utadhani mtu anashuka Dar hana ndugu. Kabla ya hayo yote kuna swali jingine: shangazi utamwambia nini?

Maana kila mtu wa bara ana shangazi Tabata. Kama si Tabata, ni Mbagala au Kimara. Ukifika Dar ukalala kwa kulipia, habari zinafika Gongo la Mboto kabla hujafungua begi. "Kwani sisi tumekufa?"

Mwaka juzi tulilala kwa shangazi. Sitamsema vibaya, alituachia kitanda chake. Lakini siku tano ziliisha tukizunguka kusalimia: leo Ukonga, kesho Mbagala, keshokutwa msiba wa jirani ambao hatukuweza kuukwepa kwa kuwa tulishaonekana. Bahari watoto waliiona kupitia dirisha la daladala. Usiku runinga haizimwi mpaka saa sita, na watoto wametandikiwa godoro hapo hapo chini yake. Soda asubuhi, soda jioni, na ukisema mtoto asipewe umejifanya Mzungu. Halafu wanaosema kwa ndugu ni bure hawajawahi kubeba maboksi mawili ya zabibu, karanga, kuku wa kienyeji wawili, na bado siku ya kuondoka wakaacha "ya sabuni". Piga hesabu vizuri, utakuta umelipa hoteli.

Kwa hiyo Desemba iliyopita nikajifanya mjanja.

Hoteli niliiondoa mapema. Tuna watoto watatu: wa miaka sita, wa mitatu, na wa miezi kumi. Chumba kimoja hatuenei, na tukichukua viwili baba na mama mnalala mbalimbali kama wanafunzi wa bweni. Uji utapika wapi? Chai inaondolewa mezani saa nne, na wa miaka mitatu njaa inamuuma saa nne na nusu. Zile za bei yetu, za Sinza, unaingia na mabegi, na watoto, mmoja yuko mgongoni, dada wa mapokezi anakuuliza bila kuinua macho: "Mnalala au mnapumzika?"

Tukachukua nyumba Mikocheni. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, jiko, friji, laki moja kwa usiku. Kwenye picha kulikuwa na balkoni inayotazama mwembe. Mwenyeji aliandika mwishoni kabisa, "umeme mtajinunulia," nikaona sawa tu, nani asiyenunua umeme? Shangazi nikamwambia ni nyumba ya ofisi. Mungu anisamehe.

Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, safari yenyewe imekuwa nusu ya likizo. Mnapanda asubuhi, mchana mko Dar, wala hakuna kuchimba dawa porini. Siku za kwanza zilikuwa tamu kweli. Tulipanda kivuko cha Kigamboni kwenda na kurudi mara tatu, bila shughuli yoyote ng'ambo. Tukala mihogo Coco Beach. Tukaenda Kijiji cha Makumbusho, ambako nililipa kiingilio watoto wa Dodoma wakaone tembe la Kigogo. Jioni mama watoto anapika anachojua watakula, saa mbili wote wamelala, sisi wawili tunakaa kwenye balkoni kama watu. Ningeandika siku hiyo, mngepata sifa tupu.

Usiku wa tarehe 2 Januari, saa saba, kiyoyozi kilikohoa mara moja kikanyamaza.

Nilidhani umeme umekatika mtaa mzima. Nikachungulia: kwa jirani taa zinawaka. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, imeisha. Namba ya mita sina, simu ya mwenyeji haipatikani. Nikashuka ghorofa tatu na tochi ya simu. Chini ya ngazi kuna mita nane ndani ya kizimba cha nondo, kimefungwa kufuli. Mlinzi amelala kwenye kiti cha plastiki, kofia usoni. Ufunguo alikuwa nao, lakini kuupata ilibidi amwage kopo zima la misumari sakafuni. Mita hazina alama yoyote isipokuwa moja iliyoandikwa kwa chaki SALUNI. Mlinzi akanyoosha kidole bila kusita: "Yako hii." Inasoma sifuri. Nikaamini.

Nikanunua ya elfu kumi kwa simu. Mwezi ndiyo kwanza umeanza, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo nikamlipia na mwenye nyumba kodi yake. Sasa tarakimu ishirini za kuingiza kwenye mita. Mlinzi anasoma, mimi nabonyeza. Tulikosea mara mbili, kwa sababu kila tukifika katikati kioo cha simu kinazima na yeye anasahau alikuwa wapi. Ya tatu ikakubali. Nikapaza sauti kwenye ngazi:

"Imewaka?"

"Bado!"

Mlinzi akakuna shingo. "Basi hiyo ni ya wale wa mbele. Wamesafiri."

Kuna familia huko Mikocheni imerudi kutoka sikukuu ikakuta uniti imejaa, ikamshukuru Mungu. Zile ni zangu.

Nikanunua tena elfu kumi kwa mita ya pili, kodi ikakatwa tena. Taa zilipowaka ilikuwa inakaribia saa tisa. Nilipofika juu nilikuta mlango uko wazi, wa miaka sita amelala kwenye ngazi akiwa amekumbatia kiatu changu, mchanga analia mpaka sauti imekauka. Mama watoto yuko kwenye balkoni na wa miaka mitatu, amemshika shati kwa nyuma. Ndipo nikaona kitu ambacho picha haikuonyesha: nafasi kati ya nondo na nondo inapitisha kichwa cha mtoto. Siku nne mwenzangu alikuwa anakaa pale kwenye upepo mkono wake uko kwenye shati la mtoto, mimi najisifia mwembe.

Na alikuwa ameshapiga simu Tabata. Si kuomba msaada, alisema, bali kuongea tu na mtu mzima. Shangazi alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

Saa moja asubuhi bajaji hiyo getini. Akashuka na hotipoti ya uji wa ulezi na beseni jekundu, kwa sababu tangu tufike mchanga alikuwa anaogeshwa kwenye sinki la vyombo. Bafuni kuna bomba la mvua tu na alikuwa analiogopa. La nyumba ya ofisi hakuliuliza. Alizunguka vyumba, akafungua bomba akafunga, akatoka kwenye balkoni. Akapitisha ngumi kati ya nondo. Akavua kanga begani, akaifuma humo, ndani nje, ndani nje, ukuta hadi ukuta, akaikaza kwa mafundo. Wa miaka mitatu akatupa mpira, mpira ukarudi. Baadaye mlinzi akapanda kusema hairuhusiwi kuanika nguo upande wa barabarani. Shangazi alimtazama tu. Akashuka.

Sasa nimekwama. Nilipoanza kuandika nilitaka niwaambie wasomaji wenzangu: nyumba ya kupanga, kwa ndugu nendeni kusalimia tu. Kwa mtoto anayekula uji bado nasema jiko lako mwenyewe halina mfano. Lakini nyumba ile haikuwa na mtu wa kumwamsha usiku, na hoteli niliyoidharau ina dada mapokezi, hata kama ana maswali yake. Wenye watoto wa miaka minane kwenda juu msinisikilize, ninyi laleni popote. Na mwenye shangazi wa aina nyingine atajua mwenyewe.

Mwezi wa sita tunarudi. Nimepata nyumba ya chini kabisa, haina balkoni, mwenyeji amenitumia picha ya mita na namba yake ikisomeka, iko mlangoni. Nimeshalipa nusu. Iko Tabata, kwa miguu dakika kumi mpaka kwa shangazi.

Yeye sijamwambia. Jarida hili analisoma kila toleo, kwa hiyo, mhariri, jibu langu naomba mlitoe wiki ijayo, nipate muda wa kumpigia.