Ukitaka kutengeneza propu ya filamu nyumbani, jua kwanza ilitengenezwa na nini

Watu wengi wakitaka kutengeneza kitu walichokiona kwenye filamu wanasimamisha video, wanapiga skrinishoti, alafu moja kwa moja wanaanza kukata maboksi. Mimi nasema mkasi uache kwanza. Kabla hujanunua hata gundi tafuta kile kitu kilitokana na nini, maana propu nyingi, yaani vitu wanavyoshika na kutumia waigizaji, tunazozipenda ni vitu vya dukani na vya stoo vilivyounganishwa na watu wenye jicho kali na hela kidogo.

Chukua upanga wa mwanga wa Luke, shujaa wa filamu ya anga za juu ya Star Wars ya 1977, ndio ninaoupenda kuliko propu zote duniani na ndio ninaomshauri kila anayeanza aanze nao. Kile kipini hakikuchongwa. Filamu ilikuwa inatengenezwa Uingereza na bajeti ilibana, sasa Roger Christian aliyekuwa anapamba seti akaingia duka la vifaa vya kamera London akakuta vishikio vya flashi vya zamani vya Graflex, zile flashi za waandishi wa habari wa Marekani, akachukua kimoja, akakibandika mistari ya mpira mweusi kwa gundi, akaweka na kipande cha plastiki chenye vitone vinavyong'aa alichokitoa kwenye kalikuleta. Basi! Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakabeba Oscar ya usanifu wa seti. Mimi nikiwaza hilo najisikia raha sana, kwasababu mtu anayezunguka mitaa ya Gerezani au Kariakoo hapa Dar kutafuta vipande anafanya kazi ileile aliyofanya yeye.

Na ukishajua asili ya kitu vipimo vinakuja vyenyewe. Graflex ile ilikuwa inabeba betri tatu kubwa, hizi hizi za tochi zilizoandikwa R20, na betri moja ina upana wa karibu milimita 34 na urefu wa kama 61. Kwahiyo hata bila kuishika Graflex yenyewe unajua ndani lazima betri tatu ziingie zimepangwa mstari, na kwa nje inakuja kama milimita 38. Sasa milimita 38 ni nini? Ni inchi moja na nusu, yaani bomba la kromu la chini ya sinki. Graflex halisi siku hizi inauzwa mamia ya dola na wapenda kamera wanaumia kuona zinakatwakatwa, bomba la sinki halimuumizi mtu.

Ukienda kununua beba sumaku. Bomba zuri ni shaba ya njano iliyopakwa kromu na sumaku haishiki, la bei chee mara nyingi ni chuma na ukishalikata ile sehemu ya msumeno inaanza kutu haraka, hasa ukikaa mji wenye joto la baharini kama Dar. Kata kwa msumeno wa chuma taratibu, zungusha bomba badala ya kukata upande mmoja mpaka mwisho, alafu malizia na tupa na msasa ndani na nje kwasababu ule ukingo unakata kidole kama wembe.

Ile mistari ya mpira ya kushikia ndio inayofanya mtu aone kazi ni nzuri au ya haraka haraka. Mpira wa waipa za gari unafaa sana. Lakini usikadirie kwa macho. Zungushia karatasi kwenye bomba, weka alama pale inapokutana, ifungue uilaze mezani uigawe kwa rula. Bomba la milimita 38 mzunguko wake ni karibu 120, kwahiyo ukitaka mipira sita kila mmoja unakaa milimita 20 kutoka mwenzake, na idadi uihesabu kwenye picha za filamu uliyoichagua. Rudisha karatasi, hamisha alama, alafu hapa ndipo wengi wanaruka hatua, kwangua kromu kwa msasa pale tu mpira utakapokaa. Gundi haishiki kwenye kitu kinachoteleza kama kioo, inashika leo, kesho kwenye joto mpira unajikunja wenyewe.

Vile vitone vya kalikuleta mimi natengeneza kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya, iliyo wazi. Unakata ukanda wa plastiki ngumu ya wazi, unazima feni kwanza ili vumbi lisiruke, unachovya kijiti cha meno unagusisha, tone linakaa lenyewe kama kichuguu kidogo. Usilitikise, usilisaidie, liache likauke. Ukiubandika juu ya karatasi ya fedha unashika taa vizuri sana, ni kitu kidogo lakini mtu anayeijua propu hii ndicho anachokiangalia cha kwanza.

Jambo lingine, chagua filamu moja ubaki nayo. Kipini cha 1977 na cha 1980 havifanani, vile vitone vya kalikuleta kwenye filamu ya pili vimebadilishwa, sasa ukichanganya picha za huku na huku unapata kitu ambacho hakikuwahi kuonekana popote. Ule mwanga wenyewe usikusumbue, kwenye seti ilikuwa fimbo iliyozungushiwa kitu kinachorudisha mwanga, rangi ikachorwa baadae. Tengeneza kipini kwanza.

Na tafadhali, hasa vijana, propu za bunduki ziacheni mpaka mjue mnazitunza wapi na nani anaziona. Bastola ya Han Solo, mwenzake Luke kwenye filamu hiyo, kweli ilijengwa juu ya Mauser C96, bastola halisi ya zamani ya Kijerumani, na inavutia, ila mtu akikuona nayo barabarani hatajua ni plastiki na rangi.

Ukishamaliza kipini cha Luke nenda cha Obi-Wan, yule mzee mwalimu wake, hicho sasa kina kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, kipande cha bomu la kurusha kwa bunduki na kishikio cha koki ya maji ya kampuni ya Armitage Shanks, na hapo msasa na tupa hazitoshi tena, utahitaji fundi mwenye mashine ya kukereza, mpelekee mchoro wenye milimita zote, sio picha ya kwenye simu.